Kondo la Mbuzi kwa Bibi Victoire

Bibi Victoire aliutupa mfuko juu ya meza ya Inspekta Zaina. Nzi wakaufuata.

“Nimechunga mbuzi Luberizi tangu utoto. Kondo ya nyuma ya muntu iko bamba moja, kama mukate. Hii iko na vifungo-vifungo. Iko ya mbuzi!”

Astaghfirullahi! Zaina hakucheka. Mjukuu wa Victoire alikuwa amezaliwa asubuhi hiyo. Kwao Victoire, kondo la mtoto huzikwa na bibi nyuma ya nyumba, siku ileile, kabla jua halijazama. Lisipozikwa, mtoto hana kwao. Na ilikuwa saa tisa.

“Nani alikupa huu mfuko?”

“Laurette, mukunga. Kwa mukono wake.”

Wakaenda wote hadi zahanati. Laurette alikuwa peke yake.

“Weye ulifunga huu mfuko?” Zaina aliuliza.

“Ndiyo.”

“Umeshaona mbuzi akizaa?”

“Minye? Nimezaliwa hapa mujini.”

“Inaonekana. Fungua hilo sanduku la barafu.”

Laurette akalifungua. Ndani mlikuwa na kondo la mwanadamu. Utando wake mwembamba ulikuwa umebanduliwa, unaelea ndani ya chupa.

“Chupa iko ya nani?”

“Ya Thierry, wa maabara. Anatoa seli humo, anazikuza, anapandikizia watu walioungua moto.”

“Anakulipa?”

“Hapana, mama! Iko kwa Chérie, mutoto yangu. Petroli ilimuchoma mugongo wote. Miezi ine analala kifudifudi.”

“Hii ya ngapi?”

“Ya tatu. Mbili za kwanza zilimuharibikia Thierry. Mbuzi za majirani zikizaa, ninachukua kondo yao, ninaweka ku barafu. Nilijua bibi watazika bila kufungua.”

Za mwizi arobaini. Za Laurette hazikupita tatu. Familia mbili zilikuwa zimezika mbuzi uani. Zaina alimwonea huruma mwanamke huyu, na huruma hiyo ikamkera.

“Kwa nini hukuomba?”

“Wangekataa.”

“Nani?” Victoire alisogea. “Taja muntu mumoja uliyemuomba, akakataa.”

Laurette alilivuta sanduku karibu yake.

“Ungeniomba huo utando, ningekupa. Minye pia nilizaa. Lakini uliniona mushamba. Sasa nipatie yangu, yote.”

“Mama, acha chupa! Muchukue kondo, chupa muache!”

Zaina alitazama saa. Akatoa kondo la mbuzi kwenye mfuko wa Victoire, akatia la mwanadamu, akaimimina chupa juu yake, akaufunga. Laurette alipiga yowe hadi wazazi wodini wakaamka.

Victoire alishika njia haraka. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa.