Seli Zilizogoma Kufa

Asubuhi hiyo mtafiti alikuta hakuna hata moja iliyokufa, akatukana kimoyomoyo.

Zilikuwa seli za misuli ya moyo, amezikuza mwenyewe kwenye visahani, na alizinyima hewa makusudi ili azitazame kwa darubini zikikata roho. Ndivyo moyo wa mgonjwa unavyoharibika: seli zinakosa hewa, zinakufa kidogo kidogo, mpaka moyo wenyewe unachoka. Ukishaona zinavyokufa ndipo unapojaribu dawa ya kuziokoa. Sasa hizi zimekaa usiku kucha bila hewa, na bado zinadunda. Zinadunda kwa raha zao!

"Jamani, si mfe tu?" aliziambia.

Dawa yenyewe alikuwa akimtafutia mama yake. Mama alifika mahali akitoka chumbani kwenda uani lazima apumzike njiani, na seli zile zilitokana na damu yake, aliyoigeuza maabara kuwa misuli ya moyo. Hilo mtafiti hakumwambia mtu. Pale maabara sheria ni moja, mwenye sampuli hatajwi, na kwenye kibandiko kulikuwa na namba tu.

Akarudia jaribio. Akabadilisha mtungi wa gesi, akalaumu vali, akagombana na fundi wa watu bure. Wapi!

"Wenzako wanalia seli zao zinakufa, wewe unalia zinaishi," mkuu wa maabara alimwambia mbele ya watu. "Hata kuua kunakushinda?"

Watu wakacheka. Yeye alirudi kwenye kiti chake akaanza jaribio upya, maana kila siku iliyopotea ilikuwa siku ya mama.

Kisha kabati la joto, linalotunza visahani, likaanza kunuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Akalisugua, likanuka zaidi. Na mchana mmoja, wenzake wakiwa wameenda kula, akasikia du, du, du kutoka humo, akajiambia ni mota, akachomoa waya ukutani, na mlio usikome, ukashuka kwenye meza, ukapanda kwenye kiti alichokalia, mpaka akausikia kwenye meno, na alipoinamia darubini akaona seli zote zinadunda kwa pamoja, na akishusha pumzi zinasimama, na akivuta zinaanza, na akijibana asipumue kabisa nazo zinangoja, zimetulia tuli, zinamsikilizia.

Akampigia mjomba wake, ambaye ni mganga.

Mjomba alikuja, akavalishwa koti jeupe la wageni lililombana tumbo. "Leo na mimi daktari," alitania. Aliponusa kabati, utani ukaisha.

"Mwanangu," alinong'ona, "umewasha moyo ukauacha wazi, hauna mtu. Mpangaji kaingia."

"Anatoka, mjomba? Kazi imenishinda, nimechoka!"

"Anatoka, ila asipoelekezwa pa kwenda atarudi humu humu. Nyama hii ni ya nani?"

Wageni wote huuliza hivyo, na jibu lilimtoka kwa mazoea. "Si ya mtu. Ni sampuli tu."

"Una hakika haina mwenyewe?"

"Mjomba, sampuli! Fanya basi, kabla hawajarudi."

"Haya, vizuri. Nikimtuma kwa mwenyewe naye hayupo, atapotelea huko huko." Akaweka viganja juu ya kabati, akasoma kwa sauti ya chini kwa muda mrefu, jasho likimtiririka, hadi mlango wa kabati ukagongwa kwa ndani. "Toka humu!" alisema. "Rudi kwa mwenyewe!"

Harufu ikakatika. Mtafiti akainama kwenye darubini, na loo, zilikuwa zinakufa! Zinavimba, zinapasuka, moja baada ya nyingine, kama alivyoomba siku zote hizo. Akamkumbatia mjomba huku machozi yanamtoka, anacheka.

Simu ikaita. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, njoo nyumbani." Sauti ilikuwa ya chini, kama hataki kusikiwa na aliye chumbani. "Mama kaanguka sasa hivi. Jirani nesi kamwangalia, anasema amefariki. Hapumui, mwili wa baridi. Lakini nimemfunika shuka, dada, na shuka linaruka. Moyo unadunda. Unadunda kwa nguvu kuliko alipokuwa hai."

Pembeni mjomba alikuwa anahangaika kuvua lile koti.

"Ni nyumbani?" aliuliza. "Msalimie dada yangu."