Taa ya Kijani kwa Mlima Sagalla

Jua lilikuwa linazama Wakesho alipojitwika debe kwenda kuteka maji pale stesheni ya Voi. "Usikawie," Ogutu, mumewe, alimwambia bila kumtazama. Wivu, jamani, usiombe ukukute!

Wiki nzima alikuwa akimchungulia. Kila magharibi mkewe alichukua taa ya reli ya Ogutu, akaenda nyuma ya landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, akaikinga na kanga isionekane nyumbani, akaielekeza mlima Sagalla. Na kule juu taa nyingine ilijibu. Ikawaka. Ikazima. Ikawaka.

"Ana mwanamume," Ogutu alijiambia. "Leo atanitambua."

Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha taa madereva wa treni, kwa hiyo aliwaza kama mtu wa reli: nyekundu, simama; kijani, njia iko wazi, njoo. Akaigeuza taa ikawa kijani, akaiinua kuelekea mlimani. Mkono wa pili ulishika panga.

Kule juu taa ikawaka.

Kisha ikaanza kushuka...

Ilishuka upesi mno. Ilivuka korongo bila kuzunguka, ikapita kwenye miiba bila kusita. Mbwa wa landhi, ambao hubwekea hata kuku, waliufyata. Harufu ya udongo mbichi ikamjia puani, na mvua haikuwa imenyesha miezi mitano.

Wakesho akarudi. Alipoiona ile taa ya kijani mkononi mwa mumewe, debe lilimtoka kichwani.

"Umemwonyesha kijani?" alinong'ona.

"Nani huyo? Mtaje!"

"Mwandawiro."

"Marehemu mumeo wa kwanza? Usinifanye mjinga!"

"Wazee walifukua kichwa chake wakakiweka pangoni kule mlimani, kwa desturi yetu. Tangu siku hiyo ananiita. Kila jioni namwonyesha nyekundu asije. Na wewe..."

Nyayo zikasikika kwenye kokoto za reli. Hapakuwa na mtu.

Ogutu alizungusha panga, likakata hewa tupu. Akalitupa, akamkamata mkewe mkono wa kulia, akavuta kwa nguvu zake zote.

Wa kushoto ulikuwa umenyooka. Ulikuwa umeshashikwa.

Alimwangalia usoni ili amwambie asiogope. Lakini Wakesho hakuwa akimtazama yeye. Machozi yalimtiririka, na ndani ya machozi hayo alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo Ogutu hakuwahi kulipata katika miaka yote miwili ya ndoa. Na hata hapo, Mungu amsamehe, kilichomchoma kuliko woga kilikuwa wivu.