Gari la Adventina Lilikosa Pumzi

Hapana, mjukuu wangu, injini haikufa. Nani kakwambia ilikufa? Hayo ni maneno ya mafundi watatu waliolifungua lile gari kabla ya Leonidas, na wote watatu waliinama mbele tu, hakuna hata mmoja aliyezunguka nyuma. Injini ilikuwa nzima, tena nzima ya kujidai.

Sasa sikiliza. Mwaka ni tisini na sita, mwezi wa kumi na moja, mvua zimeshika, na Kayanga siku hiyo kuna gulio. Stendi imejaa. Huku mikungu ya ndizi, kule mbuzi, pale wanawake wamepanga maharage kwenye vikapu. Basi, steshenwagoni moja nyeupe ya kizamani, ya kutoka Japani, ikawa inapanda kale kamlima ka kuingia stendi. Inapanda, inapanda, halafu ikaishiwa. Ikakohoa, ikatulia. Nyuma yake basi, nyuma ya basi lori la kahawa. Honi hizo!

"We dada, toa mkokoteni wako njiani!" konda wa basi akapiga kelele.

Mlango ukafunguka. Akashuka binti, gauni la kijani la mikono mirefu, kitambaa cheupe kichwani, viatu mkononi, maana alizoea kuendesha pekupeku. Mwanamke kuendesha gari Karagwe miaka ile, watu walikuwa wanaacha kununua wanatazama.

"Mkokoteni ni hilo lenu," akasema. "Juzi si mlilisukuma nyie wenyewe mpaka sokoni, na abiria wamelipa nauli?"

Watu wakaangua kicheko. Konda akarudi ndani ya basi.

Leonidas alikuwa pembeni ananunua karanga. Kijana mrefu, ovaroli limepauka mpaka halina jina la rangi. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, wakalima Isingiro, yeye akazaliwa hukohuko. Ufundi aliujulia Ngara, miaka ya wakimbizi, kwenye gereji ya magari ya misaada. Alipomwona yule binti na viatu vyake mkononi, karanga zikamwanguka. Hakuziokota.

"Dada, liwashe tena kidogo," akasema.

"Wewe ni fundi wa nne. Na wewe utasema injini imekufa?"

"Mimi sijasema kitu. Liwashe."

Akawasha. Leonidas akaenda nyuma, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la moshi. Gari zima linatetemeka, lakini kwenye kiganja kinakuja kiupepo kama cha mtoto anayepuliza uji. Akanusa. Yai bovu. Akainama chini ya uvungu, joto likamrudisha.

"Dada, hapo chini ya kiti cha abiria, kapeti halipati moto?"

Binti akashangaa. "Umejuaje? Niliweka robota la vitenge hapo, viwili vimebabuka. Baba akasema nimeviweka karibu na pasi."

"Injini yako nzima. Ila imezibwa pua. Inavuta hewa, kutoa haiwezi. Hata wewe nikikuziba pua utapanda mlima?"

"Hebu jaribu kuniziba pua uone."

"Naogopa. Nimeona ulivyomfanya konda."

Binti akacheka. Na hapo mjukuu wangu, Leonidas alikuwa ameshakwisha.

Jina la binti, Adventina. Baba yake, Mzee Byabato, Mhaya, alitoka Muleba akafungua duka la nguo pale Kayanga, akajenga nyumba Bweranyange. Binti ndiye alikuwa anazungusha vitenge kwenye magulio na hilo gari. Lakini mzee alishachoka na mafundi. Alishasema: Jumapili anakuja mnunuzi kutoka Bukoba, gari liende, na Adventina arudi Muleba akakae kwa shangazi yake. Ilikuwa Jumanne. Yaani siku tano.

Simu zikaanza. Pale gereji hakuna simu, ila jirani kuna duka la dawa la mama mmoja mcheshi, Renatha, na yeye alikuwa na simu ya mezani.

"Leonidas!" Renatha anapiga kelele dirishani. "Mgonjwa wako anapiga!"

Anakuja mbio, anafuta mikono. "Haloo?"

"Fundi, nauliza gari langu."

"Gari lako si liko kwenu dukani? Unaliona hapo."

"Basi nauliza fundi wa gari langu. Amekula?"

"Hajala. Akila anakumbuka mtu fulani, chakula kinapoa."

"Mwongo wewe! Huyo mtu ana jina?"

"Ana viatu. Havai."

Renatha anahesabu vidonge pale, anajifanya hasikii, vidonge vinamwagika.

Alhamisi Adventina akaleta gari. Leonidas akaingia uvunguni na nyundo ya mpira. Katikati ya bomba kuna dude la chuma limevimba kama kibuyu kilicholala. Akaligonga. Ndani kukasikika chakacha-chakacha, kama maharage kwenye kopo.

"Unasikia? Humu ndani kuna masega, kama ya nyuki, kazi yake kusafisha moshi. Yameyeyuka, yamevunjika, yameziba. Ila sitaki uniamini kwa maneno. Nalegeza nati hapa mbele ya dude, moshi upate pa kutokea kabla haujafika. Halafu twende mlimani. Likivuta, mgonjwa ni huyu. Lisipovuta, niite mwongo kama wale wengine."

Wakatoka, binti kwenye usukani, fundi pembeni. Mjukuu wangu, kelele! Gari lilinguruma kama trekta limekanyagwa mkia, mbuzi wakakata kamba. Lakini lilipanda. Mlima uleule uliolishinda, lilipanda kama linateremka. Adventina akawa anacheka, machozi yanamtoka.

"Linavuta!" anapiga kelele.

"Nini?"

"Nasema linavuta!"

"Na wewe unapendeza!" Leonidas akapaza sauti juu ya ile ngurumo. "Tangu Jumanne sijalala! Ukienda Muleba nakufuata hata kwa miguu!"

Sasa ubaya wake, walikuwa wamefika kileleni. Adventina akaachia mafuta, gari likatulia, na yale maneno ya mwisho yakatoka peke yake, wazi, mbele ya wamama wa kwaya wanatoka mazoezini.

"Hata kwa miguu, jamani!" mmoja akaitikia. Wenzake wakapiga vigelegele.

Waliporudi gereji hawaangaliani kwa aibu. Wakapatana Jumamosi atalifungua lile dude kabisa. Kabla ya kuondoka, Adventina akatoa kwenye kikapu kifurushi cha jani la mgomba, kina joto bado.

"Nimekuandalia mwenyewe," akasema, macho chini. "Usifungue mbele yangu."

Akaondoka na ngurumo yake.

Leonidas akafungua. Senene, wale panzi wa msimu wa mvua. Wamenyonyolewa mbawa na miguu, mmoja mmoja, wamekaangwa wanang'aa. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kwa Wahaya, senene mwanamke anamtayarishia mumewe, na mume anamjibu kwa kumnunulia nguo. Msichana akikunyonyolea senene na vidole vyake, ameshasema kila kitu, wewe umebaki kujibu tu. Leonidas atajua wapi? Kwao Isingiro, nyumbani kwa baba yake, mdudu haingii sufuriani. Akawatazama, wakamtazama na vile vijicho. Kutupa akaona dhambi. Akamgeukia fundi mwenzake, Melkiory, Mhaya wa Kamachumu.

"We unakula hawa?"

Melkiory hakuuliza mara mbili. Akatoka nao mpaka stendi, akakaa kwenye benchi anatafuna, kila anayepita anaambiwa: "Onjeni, wa binti Byabato hawa!"

Ijumaa saa nne habari ilikuwa dukani kwa mzee. Leonidas hana habari. Anapiga simu.

"Haloo, mpenzi, ulilala salama?"

"Hapa ni duka la nguo. Unataka kitenge?"

"Adventina? Ni mimi."

"Wewe nani? Melkiory?"

"Melkiory kafanyaje?"

"Kashiba." Akakata.

Akapiga tena, simu inaita tu. Jumamosi akangoja gari tangu asubuhi mpaka jioni, halikuja. Adventina alishalipeleka Bweranyange hivyohivyo na nati zimelegea. Mzee aliposikia ile ngurumo inaingia uani, akasema: "Sasa limekufa kweli. Kesho liende."

Renatha ndiye alimkuta Leonidas amekaa juu ya tairi, kichwa mikononi.

"Nini wewe?"

Akamsimulia. Renatha akashika kiuno. "Senene umempa nani?"

"Melkiory. Sisi hatuli, mama."

"Ee Mungu wangu! Mtoto wa watu kakaa na bakuli mapajani kutwa nzima ananyonyoa, we unampa Melkiory! Mama mkwe wako akisikia atalia. Wewe ulitakiwa ule, halafu ukanunue nguo."

"Nguo?"

"Kitenge! Kanga! Chochote cha kuvaa! Kimbia kabla mzee hajafunga duka!"

Mzee hakuwepo, alikuwepo msaidizi wa dukani, anakaribia kufunga. Leonidas hajui vitenge. Akanyoosha kidole kwenye cha kwanza alichokiona, akalipa.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, akafunga jeki, spana na patasi kwenye baiskeli, akakanyaga Kayanga mpaka Bweranyange, matope mpaka magotini. Akaingia uani anatweta. Mzee Byabato amekaa kibarazani na kofia yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayegawa vitu vya watu?"

"Ndiye mimi, mzee. Nimekuja kuomba radhi. Na kumaliza kazi."

Adventina akatoka jikoni, mikono ina maganda ya ndizi. Akasimama mlangoni.

"Sikujua," Leonidas akamwambia, mbele ya mzee, bila kuzunguka. "Kwetu hatuli senene. Niliona aibu kukwambia, nikaona aibu kutupa, nikafanya baya kuliko yote. Heri ungenipa mawe, ningekula."

"Ungesema tu," Adventina akajibu, sauti imepungua. "Ningekupikia kuku."

"Na hiki nimeleta." Akatoa mfuko.

Adventina akafungua. Kitenge cha rangi ya chungwa, kina samaki wakubwa wenye midomo wazi. Akakitazama. Akamtazama. Akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika mlango.

"Leonidas! Hiki kimekaa dukani miaka miwili! Kila gulio nakipeleka kinarudi! Hata wezi hawakitaki!"

Hata mzee akageuka pembeni, mabega yanatikisika. "Haya," akasema, "mnunuzi anafika saa saba. Una muda huo. Likishindwa, linaondoka, na safari ya Muleba iko palepale."

Leonidas akaingia uvunguni. Akalishusha lile dude, akaingiza patasi mdomoni mwake, akaanza kuchokoa. Masega yakatoka vipande, meusi, mengine yameyeyuka kama sukari guru.

"Kitu kilichowekwa na Mjapani, wewe unakitoa halafu gari linapona?" mzee akauliza, ameinama.

"Mzee, sitakudanganya. Hiki kilitaka petroli isiyo na madini ya risasi, yetu inayo. Halafu plagi moja ilikuwa haichomi muda mrefu, mafuta mabichi yakaja kuwakia humu. Wenzangu walibadilisha plagi, wakatibu chanzo, wakaliacha donda. Kwao Japani wangeweka jipya. Hapa jipya tutalitoa wapi? Moshi utanuka zaidi. Ila litapumua."

Akafunga dude tupu, akakaza nati zote, ngurumo ikakata. Mzee mwenyewe akaingia, kofia kichwani. Wakatoka, Adventina anaendesha, wakaupanda mlima wa Bweranyange wote bila kubadilisha gia mara mbili. Waliporudi, mnunuzi amefika, ameegemea ukuta, ana begi lake.

"Mzee, nimekuja kuchukua ule mzoga."

"Mzoga upi?" Mzee Byabato akashuka taratibu. "Hapa kuna gari la binti yangu la kazi, haliuzwi. Karibu chakula lakini."

Kisha akamgeukia Leonidas. "Wewe. Wazee wako Isingiro wanajua njia ya kuja hapa?"

Leonidas akamtazama Adventina kwanza. Adventina alikuwa ameshajifunga kile kitenge cha samaki juu ya gauni, anavuta pindo kama vile anaona lina kosa.

"Wataijua, mzee," akasema. "Kama mwenyewe anataka."

"Waje Jumapili ijayo," Adventina akasema. "Wasichelewe."

Mama yake akapiga kigelegele kutoka jikoni. Mkeka ukatandikwa, ebitoke, zile ndizi za kupika, zikamwagwa kwenye jani, zimechanganywa na maharage, mvuke unapanda. Adventina akaja na birika na beseni, akapiga magoti, akamnawisha Leonidas. Maji yakatoka meusi. Akamimina tena, meusi. Akachukua sabuni, akamsugua kidole kimoja kimoja, polepole, hana haraka hata kidogo, na yeye Leonidas amenyoosha mikono kama mtoto wa komunyo.

"Jamani," mzee akasema, "hiyo mikono ni ya fundi, haitakuwa myeupe leo. Sogeeni. Ndizi zinapoa."

Wakasogea, mnunuzi naye akavua viatu, wakakaa wote, wakala.