Fizikia Itangoja Mwakani

Saa kumi alfajiri nilisikia kijiko kikigonga kikombe jikoni. Kikanyamaza, kikagonga tena. Nikajua mjukuu wangu Elodie anakoroga kahawa iliyokwisha kupoa.

Nilimkuta ameinamia vitabu vitatu, vyote vimefunguliwa. Elodie yuko mwaka wa pili chuo kikuu hapa mjini Lafayette. Akimaliza shahada hii anataka kuomba nafasi ya kusomea udaktari. Muhula ule alichukua masomo matano kwa mpigo. Nikamwambia ale kitu. Akasema hasikii njaa. Kisha akalia.

Katika mtihani wa fizikia alikuwa amepata thelathini na nane kwa mia. Siku ile ilikuwa Jumatano, na Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kujitoa kwenye somo. Lakini aliambiwa kwamba chuo cha udaktari kikiona umejitoa hata mara moja, fomu yako inatupwa. Basi aliamua kukazana tu.

Mimi niliishia darasa la nane, mambo ya chuo siyajui. Kulipokucha nikampeleka, na karatasi zake za alama, kwa jirani yetu, Bi Verlene Guillory, aliyewashauri wanafunzi wa chuo kwa miaka ishirini na sita.

Bi Verlene alimwekea uji wa mahindi na yai. Akasema hasomi karatasi za mtu mwenye njaa. Elodie alipomaliza kula, Bi Verlene akavaa miwani.

"Nani kakwambia ukijitoa umekwisha?"

"Jamaa mmoja wa darasani, Bi Verlene."

"Ameshakuwa daktari huyo?"

"Hapana. Yuko mwaka wa pili kama mimi."

"Basi mwache akue kwanza."

Elodie akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Septemba.

Bi Verlene akamweleza polepole. Ukijitoa mapema, karatasi ya matokeo itaonyesha kwamba ulijitoa, lakini somo hilo haliingii kwenye wastani wa alama zako. Ukifeli, alama hiyo inaingia, na kuirekebisha ni kazi kubwa. Kujitoa mara moja hakufungi mlango. Kujitoa kila muhula ndiko kunakotia shaka. Ila asitie sahihi fomu ya kujitoa kabla ya kuuliza ofisi ya ufadhili, maana masomo yakipungua mno msaada unaweza kukatwa.

"Na nikichelewa mwaka mzima?"

"Wagonjwa watakuwepo, mwanangu."

Kisha akamuuliza lini mara ya mwisho alikaa na mgonjwa. Elodie akainamisha kichwa. Bi Verlene akasema wanaochagua wanafunzi wa udaktari huliangalia hilo pia.

Alhamisi ofisi ya ufadhili ilimhakikishia kwamba masomo manne yanatosha. Ijumaa akajitoa. Jioni ile alilala mapema, nami nikasimama mlangoni nikisikiliza anavyopumua.

Desemba alifaulu masomo yote manne. Na alasiri za Jumanne, zilizokuwa za fizikia, sasa anajitolea kwenye nyumba ya wazee.

Juzi nilimfuata huko. Nilimkuta ameketi na Bwana Alcide, ambaye kiharusi kimeyafanya maneno yake kuwa mazito. Mzee alikuwa akieleza mahali bega linapomuuma. Kila neno lilichukua muda. Elodie hakummalizia hata moja. Alingoja.

Alipoinuka kuondoka, mzee akamshika mkono.

"Ju... Jumanne," akasema. "Njoo tena."