Kabla ya Kubonyeza Ndiyo

Wateja walimwita Mama Nembo. Kazi yake ilikuwa kudarizi nembo za shule kwenye sweta. Mashine yake ya kudarizi ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, na kando yake ilikaa kompyuta. Alichora nembo kwenye kompyuta, akaipeleka kwenye mashine kwa waya, kisha sindano ikafanya kazi iliyobaki. Nembo za shule kumi na moja zilikuwa humo ndani: ndege, vitabu, mienge, na jogoo mmoja ambaye mkia wake ulimtoa jasho wiki nzima.

Jumatatu moja asubuhi, watoto walipokwisha kwenda shule, aliwasha kompyuta. Maneno yakajitokeza katikati ya kioo:

"Mfumo endeshi huu hautahudumiwa tena. Je, ungependa kuweka mfumo mpya sasa?"

Chini palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilisema Ndiyo. Kingine kilisema Nikumbushe baadaye. Mama Nembo akabonyeza cha pili. Alikuwa akifanya hivyo kwa mwezi mzima.

"Leo tena?" aliuliza mumewe. Alikuwa fundi bomba, na wakati huo alikuwa akifunga kamba za viatu ili aende kazini. "Si ubonyeze Ndiyo, mambo yaishe."

"Mambo yaishe, au nembo ziishe?"

"Aa, kipya ni kipya tu. Kitakudhuru nini?"

"Wewe ukifika kwa mteja, unakata bomba kabla ya kufunga maji?"

Mumewe akacheka. "Hapo umenishika pabaya."

Mama Nembo hakucheka sana. Ijumaa alitakiwa kupeleka sweta mia moja na themanini kwenye shule moja mpya. Kompyuta ikiharibika, watoto wale wangefungua muhula bila sweta. Lakini hata kuacha mambo yalivyo kulimtia wasiwasi. Hautahudumiwa tena, maana yake nini? Kwamba siku moja kompyuta itazima, basi?

Jioni mumewe alirudi uso unang'aa. Alitoa flash mfukoni na kuiweka mezani.

"Mfumo mpya huo! Jamaa wa kazini ameupakua mahali. Bure kabisa, na unaingia kwa dakika tano."

Mama Nembo aliitazama ile flash. Hakuichomeka.

"Tumsubiri wifi," alisema.

Wifi yake, yaani dada wa mumewe, alikuwa fundi wa kompyuta hospitalini. Alikuja kesho yake alasiri, kitambulisho cha kazi kikiwa bado kinaning'inia shingoni. Kabla hata hajakaa, aliiona flash.

"Hii ya nani?"

"Yangu, dada," alijibu fundi bomba kwa fahari. "Ina mfumo mpya."

"Huyo aliyekupa ameutoa wapi?"

"Mtandaoni."

"Mtandaoni wapi? Hiyo ni sawa na kuniambia ameuokota barabarani. Mfumo unachukuliwa kwa mtengenezaji wake tu. Huu unaweza kuwa na programu ya wizi ndani yake. Itaiba nywila zenu, au itafunga mafaili yote msiweze kuyafungua. Usiichomeke popote."

Fundi bomba aliishika flash kwa ncha za vidole viwili, kama ameshika mkia wa panya, akaenda kuiweka mbali.

"Sasa wifi," alisema Mama Nembo, "mimi nijue kwanza. Huo mfumo endeshi hasa ni kitu gani?"

"Ni programu kubwa inayoziendesha nyingine zote. Programu yako ya kudarizi haiwezi kuongea na mashine bila kupitia kwake. Sasa, kila mfumo una matundu. Watengenezaji wakiona tundu, wanatuma kiraka. Kompyuta inakibandika yenyewe, wewe huna habari."

"Viraka navijua!"

"Basi kwa mfumo wako huu, wameacha kutuma viraka. Kompyuta itaendelea kuwaka kama kawaida. Lakini tundu jipya likionekana, litabaki wazi. Na wezi wa mtandaoni kazi yao ni kutafuta matundu hayo."

"Kwa hiyo nibadilishe."

"Mimi naona ubadilishe. Lakini tuangalie kwanza kama kompyuta hii ina nguvu za kuubeba mfumo mpya. Na kama mashine yako itaelewana nao."

Alifungua ukurasa wa mtengenezaji wa mfumo, akasoma mahitaji. Kisha akakagua kompyuta. Nafasi kwenye diski ilitosha, kumbukumbu nayo ilitosha. Ikabaki mashine ya kudarizi. Mama Nembo alimpigia simu muuzaji wake. Alipiga magoti nyuma ya mashine, mumewe akimulika kwa tochi ya simu, akasoma namba iliyobandikwa pale.

"Programu uliyonayo ni ya zamani, mama," muuzaji alisema. "Haifanyi kazi kwenye mfumo mpya. Ila toleo jipya lipo, na kwa mashine hii unapewa bila malipo."

Mama Nembo alishusha pumzi. "Ningebonyeza Ndiyo, mashine ingebaki inanitazama tu!"

"Na nakala za nembo zako?" aliuliza wifi.

"Hapo sina shaka." Akatoa diski ya nje kwenye droo. "Nilinakili kila kitu mwezi uliopita."

"Tufungue tuone."

Waliichomeka kwenye kompyuta ndogo ya wifi. Picha za familia zilikuwepo. Barua zilikuwepo. Nembo zilikuwa saba. Mama Nembo alihesabu tena kwa kidole. Saba. Jogoo hayupo. Nembo ya ile shule mpya haipo.

Alivuta kiti akakaa. "Mwezi mzima nalala usingizi, najua nina nakala."

"Usijali, bado hujapoteza kitu." Wifi alitafuta kidogo, akapata. Programu ilikuwa imezihifadhi nembo mpya kwenye folda yake yenyewe, mahali ambapo Mama Nembo hakuwahi kupaangalia. "Hospitalini kwetu watu wamelia kwa jambo hili hili. Ukinakili, fungua uone."

Walinakili zote kumi na moja. Safari hii Mama Nembo alifungua moja baada ya nyingine kutoka kwenye diski, mpaka ya mwisho.

"Tuweke leo?" aliuliza mumewe.

Wifi alimgeukia Mama Nembo. Alimwachia mwenye kompyuta aseme.

"Hapana," alisema Mama Nembo. "Siwezi kubadilisha mfumo katikati ya oda. Namaliza sweta kwanza, napeleka Ijumaa. Jumamosi nabadilisha."

"Hata mimi ningefanya hivyo. Ila mpaka siku hiyo, usiingie mtandaoni na kompyuta hii. Zima wifi."

"Haya!" alidakia fundi bomba. "Dada anataka kuzimwa, na kasema kwa kinywa chake!"

Wote watatu wakacheka.

Ijumaa sweta zilifika shuleni kabla ya saa sita. Jumamosi asubuhi wifi alikuwa zamu, kwa hiyo Mama Nembo alikaa mwenyewe mbele ya kompyuta. Aliwasha mtandao, akabonyeza Ndiyo.

Kazi ilianza vizuri. Kisha ikafika asilimia sitini na mbili, ikasimama. Dakika kumi. Dakika ishirini. Mumewe alizunguka nyuma ya kiti.

"Imekufa hiyo. Izime, uiwashe tena."

"Ondoa mkono! Tukiizima katikati ndipo tutakapoiua. Tazama taa ya diski, inapepesa. Inafanya kazi."

"Nusu saa sasa!"

"Na wewe ukiwa chini ya sinki la watu kwa saa tatu, nani anakuzima?"

Sitini na tatu. Sabini. Saa saba mchana, kompyuta ikawaka upya ikiwa na mfumo mpya. Mama Nembo akaweka toleo jipya la programu, akachomeka waya, akamfungua jogoo. Mkia ulikuwa kamili. Akafunga kitambaa chakavu kwenye fremu, sindano ikaanza kukimbia. Alipokitoa alikigeuza nyuma, kama mafundi wanavyofanya, akapitisha kidole juu ya nyuzi. Hapakuwa na fundo hata moja.

"Sasa nenda ukale," alimwambia mumewe. "Uso umekusinyaa kwa wasiwasi."

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi Mama Nembo huangalia kama viraka vimeingia, kisha hunakili nembo na kuzifungua. Hamwiti mtu.

Juzi wifi alipiga simu.

"Wifi, siku hizi hunitafuti. Kompyuta haisumbui?"

"Haisumbui. Lakini Jumapili njoo."

"Kuna nini?"

"Kuna chakula. Na kitambulisho chako kiache nyumbani, hakuna kazi yoyote huku."