Bonge Alale Chali

Fundi cherehani alikuwa na mambo mawili yaliyomnyima raha: gauni la bibi harusi lililokataa kukaa kiunoni, na mume aliyekwenda kujenga daraja mbali tangu yeye akiwa na mimba ya miezi sita. Gauni lingekaa tu. Mume ndiye aliyemuumiza roho. Alimkumbuka mpaka chai ikapoa kikombeni.

Bonge, mtoto wao wa miezi miwili, hakuwa amewahi kumwona baba yake. Basi mama akaona ampe hata harufu yake. Kila mchana alimlaza kifudifudi juu ya mto wa baba, akamzungushia sweta la baba mpaka mashavuni. Mapenzi hayo, jamani! Lakini mapenzi bila maarifa nayo huua.

Siku moja jirani yake, muuguzi wa kliniki, alikuja kuchukua sketi. Akamwona Bonge. Sketi ikamtoka mkononi.

"Mdogo wangu, hebu mwinue haraka!"

Fundi akamnyakua mtoto. Alikuwa amelowa jasho. Sweta lilikuwa limeshafika puani.

"Nilitaka amjue baba yake, dada," fundi alisema, machozi yakimlenga.

"Atamjua akiwa hai. Mtoto mdogo akizibwa pua hana nguvu ya kujinasua. Wengine hufariki usingizini, hata kilio husikii. Mlaze chali kila anapolala, mchana na usiku. Godoro liwe gumu na bapa, shuka lichomekwe vizuri. Mto, sweta, midoli, vyote nje! Alale chumbani mwako, ila kwenye kitanda chake. Usimvalishe manguo mengi, na asivutiwe sigara karibu."

"Akicheua je? Si atapaliwa?"

"Wapi! Mtoto mwenye afya hujimudu akiwa chali. Kifudifudi ndiko kwenye hatari."

Fundi akalikunja sweta polepole. Roho ilimuuma, kama anayemsindikiza mumewe mara ya pili. Akalifungia kabatini. Kisha akamlaza Bonge chali kwenye kitanda chake kisicho na kitu. Bonge akajinyoosha, akapiga miayo, akalala fofofo.

Wiki tatu baadaye, mume alipiga simu.

"Bonge hajambo? Analalaje?"

"Chali, kama tajiri! Anapumua vizuri, ananenepa."

"Alhamdulillahi. Basi nyumbani kote mnalala salama."

Fundi akamtazama mtoto, kifua chake kidogo kikipanda na kushuka.

"Mtoto analala," alisema. "Asiyelala ni mimi. Rudi, mume wangu."