Kitufe cha Salamu

Asubuhi ukungu hushuka kutoka ukingo wa kreta na kulala juu ya mashamba ya Qurus, Karatu. Emilian akiamka huusikiliza. Ng'ombe wa jirani analia ndani yake, jogoo anajibu, na mtu asiyeonekana anapita barabarani akikohoa. Kila kitu kina sauti, ila yeye.

Mwaka jana madaktari walimtoa uvimbe kooni, na sauti ikaondoka nao. Alipona. Analima, anakula, anakata majani ya ng'ombe. Akitaka kusema jambo huandika kwa chaki kwenye kibao alichoning'iniza shingoni, na mkewe Germana husoma. Tabu ni kwamba Germana husoma na kuongeza ya kwake. Emilian akiandika "chai", Germana husema, "Anataka chai, na ameshaona kuni zimekwisha, anakwenda kuleta." Basi anakwenda.

Zamani alikuwa dereva wa watalii. Yeye na Lesiamon wa Enguserosambu, huko Loliondo, walipeana habari kwa redio za magari: simba wako wapi, njia ipi ina tope. Kila asubuhi Lesiamon alianza kwa salamu ya Kimaasai, "Sopa." Emilian alijibu, "Epa." Hapo ndipo siku ilipoanza. Walipoacha kazi hiyo walifanya mtihani wa redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu, bila biashara. Wakapata leseni, na kila mmoja akafunga redio na waya wake wa antena nyumbani kwake. Kule anakochunga Lesiamon simu haishiki. Redio inashika.

Sauti ilipoondoka, kabla habari haijamfikia Lesiamon, Emilian aliunganisha redio yake na kompyuta. Unaandika, kompyuta inageuza herufi kuwa mluzi, redio inaurusha, na kompyuta ya mwenzako inaugeuza kuwa herufi tena. Jumamosi alasiri wenye redio huandikiana hivyo, Lesiamon akiwamo. Lakini Emilian huchapa kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa mtama. Kwa hiyo aliamua kutumia makro. Makro ni maneno unayoyaandika mapema na kuyaweka kwenye kitufe. Ukikibonyeza, yanakwenda yote.

Akaiandika kama mtu aliyelelewa vizuri. Kwao huingii kwa mtu na kuanza na shida zako. Alianza na jina la kituo chake, zile herufi na tarakimu za leseni. Kisha akasalimu. Akauliza hali ya mke, ya watoto mmoja mmoja, ya ng'ombe, ya mbuzi, mvua, malisho, na mguu wa Lesiamon uliovunjika zamani.

Jumamosi akabonyeza. Mluzi ukatoka mrefu na laini, kama nyuki ndani ya mzinga. Akafumba macho akauona unapaa juu ya mti wa mgrevilea, unavuka kreta iliyojaa mawingu, unateleza juu ya nyanda zenye vumbi la dhahabu na kushuka polepole kwenye vilima vya Loliondo. Akasubiri. Jibu halikuja. Jumamosi nyingine ikapita hivyo hivyo, na nyingine tena. Akaanza kuota kwamba sauti yake ni ndama aliyepotea huko nyandani, na kila anayemkuta anampita tu.

Siku ya mnada akaja Patrisi, mnunuzi wa ng'ombe, akitokea Loliondo. Alileta maneno ya Lesiamon.

"Anasema kama umenuna, umwambie kosa lake. Anakuita redioni, kimya. Halafu kuna mtu mmoja hewani, hana jina. Kila Jumamosi anasalimia mpaka mbuzi, na akijibiwa hasikii. Amewaharibia mahali pao hewani. Basi Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Ng'ombe wanahamia malisho ya mbali, na yeye Lesiamon redio ataiacha nyumbani imezimwa."

Chaki ilimponyoka Emilian. Huyo mtu anayesalimia mpaka mbuzi alimfahamu vizuri sana.

Jioni hiyo Germana alimwita jirani yao Naserian. Huyu ni Mmaasai aliyeolewa Karatu. Anatengeneza redio za magari ya watalii, na leseni ya ridhaa anayo. Alimwambia Emilian abonyeze kitufe, akakaa kusoma maneno yakipita kwenye kioo. Alisoma mpaka akaegemea ukuta.

"Baba Lusia, hii ni salamu au mahubiri ya Pasaka?"

Germana alicheka mpaka akajifuta macho. Emilian akatazama pembeni.

"Sikiliza," Naserian akasema, sasa kwa upole. "Kwetu mtu akileta habari, anasema kidogo, anatua. Mwenzake anasema 'ee'. Anaendelea kidogo, anatua tena. 'Ee.' Usipotua, unaongea na mti. Tazama hapo. Maneno yako yamekwisha, lakini taa nyekundu bado inawaka. Redio bado inarusha, na redio inayorusha haisikii. Lesiamon alikujibu. Alikujibu wewe ukiwa umeziba mlango."

Emilian akaandika kwenye kibao: Nifanyeje? Germana akasoma, "Anauliza afanyeje, na ana aibu." Hilo la aibu hakuliandika, ila halikuwa uongo.

Naserian alizima redio ili wajifunze kwenye kompyuta peke yake bila kusumbua watu hewani. Akamwonyesha kubonyeza kitufe kile kwa upande wa kulia wa kipanya. Dirisha la kuhariri likafunguka. Mwanzoni palikuwa na alama ya TX, inayoiambia redio irushe. Mwishoni akamfanya aongeze alama ya RX, inayoiambia irudi kusikiliza. Hiyo ndiyo iliyokosekana. Jina la kituo likawekwa mwanzoni na mwishoni, kwa sababu ukianza kurusha mwenzako bado anakutafuta, na maneno ya kwanza hupotea. Salamu ndefu wakaipasua vipande, kila kipande na kitufe chake: cha kubisha hodi, cha nyumbani, cha mifugo. Kingine kikawa cha kurudisha zamu tu.

Emilian alisikitika kuwaondoa watoto kwenye kitufe cha kwanza.

"Hujawaondoa," Naserian akamwambia. "Wanasubiri zamu yao."

Kisha akamwagiza ahifadhi makro zake, afunge programu na kuifungua tena, ahakikishe zipo. Mtu asiyehifadhi hulima shamba lile lile kila siku. Alipokuwa akitoka, akamwomba Germana aanue mashuka yake kwenye waya wa redio.

Jumamosi alasiri wingu lilikuwa limeshuka hadi mlangoni. Nyumba ilikuwa kama inaelea. Naserian alikuwa amerudi, amekaa kando ya kompyuta. Emilian akabonyeza kitufe cha hodi. Mluzi ukatoka: jina la kituo cha Lesiamon, jina la kituo chake. "Emilian hapa. Sopa." Jina tena. Mluzi ukakatika. Taa nyekundu ikazimika.

Germana alishika mwiko bila kukoroga.

Kwenye kioo mstari mwembamba wa njano ukaanza kuteremka, kama tone la umande kwenye jani. Chini yake herufi zikachipua moja moja.

"Epa."

Halafu: "Emilian. Kumbe mtu wa mbuzi ni wewe. Sauti yako iko wapi?"

Naserian alinyoosha mkono kwenye kitufe cha pili. Emilian akamzuia. Jibu la swali hilo halikuwa kwenye kitufe chochote. Akainama, akachapa mwenyewe kwa kidole kimoja, polepole, na hakuna aliyemharakisha.

"Sauti imekwenda. Mimi nipo."

Akabonyeza kitufe cha kurudisha zamu. Wakakitazama kioo. Nje, ndani ya wingu, kengele ya ng'ombe ililia ikanyamaza. Ndipo herufi zikaja.

"Ee."

Emilian akabonyeza kitufe cha nyumbani.

Ng'ombe walihama wiki hiyo. Redio ya Lesiamon haikuachwa nyumbani. Ilihama nao juu ya punda, pamoja na betri na kipande cha sola, imefungwa ndani ya shuka jekundu kama mtoto.